Kufungua kituo cha watoto wadogo penye lugha nyingi: mwongozo kutoka Busia, Uganda

Serikali ya Uganda iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 1997, ila mpango huo unaanzia darasa la kwanza, mtoto akiwa na miaka 6. Miaka ya kabla ya hapo, sheria ya elimu ya 2008 imewaachia watu binafsi na jamii waendeshe vituo, na wazazi walipe. Ndiyo sababu ukipita sokoni Busia utakuta mtoto wa miaka mitatu amelala chini ya meza ya nyanya, mama yake akihesabu chenji juu. Ukivuka upande wa Kenya, chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa katiba yao ya 2010. Mama wa mpakani anaijua tofauti hii vizuri, na atakuuliza kwa nini wewe unatoza. Uwe na jibu lako tayari.

Naandika kwa ajili ya Busia, ambako kwenye ua mmoja utawakuta Wasamia, Bagwe, Wateso, Wajapadhola, Waganda, Wasoga, Wasomali, Wanubi na Wakenya waliooa au kuolewa huku. Msomaji wa Malaba, Arua, Kisenyi ya Kampala au makazi ya wakimbizi ya Nakivale atabadilisha majina ya makabila na kuendelea. Kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Kaa sokoni kabla ya kutafuta jengo

Wengi huanza na jengo. Wanakodi nyumba, wanachora herufi na twiga ukutani, wanashona sare, halafu ndiyo wanatafuta watoto. Wewe anza na saa za akina mama. Muuza mboga anayepokea mzigo alfajiri ametoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Wa mitumba anafungua kama saa tatu. Anayewapikia madereva wa malori anarudi usiku. Kituo kinachofungua saa mbili na kufunga saa sita mchana kinamfaa mke wa afisa mwenye msichana wa kazi nyumbani; muuza mboga hakimsaidii chochote.

Usiende na karatasi na kalamu. Mtu mgeni anayeandika sokoni mpakani hudhaniwa ametoka kwa watu wa ushuru, na hutapata neno la kweli. Nunua nyanya, keti, uliza. Unaondoka nyumbani saa ngapi? Mtoto sasa hivi unamwacha na nani? Wiki yako mbaya ya mauzo huwa ipi? Nyumbani mnazungumza lugha gani, na mtoto hujibu kwa lugha ipi? Hilo la mwisho uliulize kwa sehemu zote mbili, maana mara nyingi majibu hayafanani: mama Mteso, baba Msamia, mtoto anajibu Kiswahili cha jirani.

Swali la nani anabaki na mtoto ndilo litakaloamua mambo mengi. Sikiliza ni mara ngapi utaambiwa, "Dada yake." Dada huyo pengine ana miaka kumi, na alitakiwa awe darasani. Ukimpata mama wa namna hiyo, unaongea kuhusu watoto wawili, na hoja hiyo utaihitaji baadaye ukienda kuomba msaada kwa manispaa au kanisani.

Baada ya hapo chagua aina ya kituo. Sera ya elimu ya awali ya 2007 ilitambua aina nne: kituo cha kutwa cha malezi, kituo cha nyumbani, kituo cha jamii, na nasari. Kwa soko la mpakani nashauri kituo cha jamii chenye saa za kituo cha kutwa. Nasari ya sare na kengele inaweza kungoja.

Hatua ya 2: Mwenyekiti, halafu kamati

Mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ndiye mlango. Nenda kwake mapema, kabla hajasikia habari zako kwa mwingine, na umwombe barua ya kukutambulisha. Sehemu hiyo ni rahisi.

Kamati ndiyo ngumu. Ukiacha mambo yajiendee, kamati itakuwa ya wanaume wanne wa kanisa moja, na ndani ya muhula mmoja mtaa wote utakiita kituo "cha watu fulani". Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watoke jamii tatu tofauti. Nusu ya wajumbe wawe akina mama wenye watoto kituoni. Shehe na katekista wawe washauri; heshima yao ni kubwa, na ili ibaki kubwa wasishike fedha.

Mikutano iwe kwa Kiswahili, na pawe na mtu wa kumtafsiria bibi anayesikia Kiteso peke yake. Atajitokeza mzee mmoja wa kuongea Kiingereza ili aonekane amesoma. Mrudishe kwa adabu: "Mzee wetu, tuwekee kwa Kiswahili, na hajati hapa naye apate." Hakuna atakayekasirika ukisema hivyo, na hajati atakuja mkutano ujao.

Hatua ya 3: Mahali

Karibu na soko, mbali na foleni ya malori. Barabara ya kuelekea mpakani haikubali mtoto aliyetoroka. Uzio uwe mzima, lango liwe moja, komeo liwe juu pasipofikiwa na mkono wa mtoto.

Uliza ua ule ulitumika kwa nini zamani. Wilaya hii ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, hasa upande wa Tiira, na dhahabu huoshwa kwa zebaki. Zebaki hubaki kwenye udongo, na mtoto wa miaka miwili anaokota udongo na kuula. Ua uliowahi kuoshewa dhahabu uukatae hata kodi ikiwa nusu.

Choo kiwe na tundu dogo la saizi ya mtoto na mlango usiojifunga kwa nje. Wavulana na wasichana wawe na vyao. Kwa kunawa, kibuyu chirizi kinatosha: jerikeni ndogo, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni iliyofungwa pembeni. Mtoto wa miaka mitatu huweza kukitumia mwenyewe, na anakipenda kuliko bomba. Busia ina malaria nyingi, kwa hiyo chumba cha kulala mchana kiwe na neti, na madimbwi ya uani yafukiwe kabla ya mvua za Machi.

Hatua ya 4: Karatasi

Ofisi ni ya afisa elimu wa wilaya, au wa manispaa kama uko mjini. Nenda kwanza mikono mitupu uombe orodha ya mahitaji ya siku hiyo, kwa sababu orodha aliyokupa rafiki yako ni ya miaka iliyopita. Kwa kawaida utahitaji barua ya LC, uthibitisho wa umiliki au mkataba wa pango, ripoti ya mkaguzi wa afya, majina ya kamati na vyeti vya walezi. Leseni hutangulia, usajili hufuata. Usimpe mtu wa katikati pesa "akusukumie faili". Faili lenyewe ni jepesi. Peleka mwenyewe na uache nakala kwako.

Hatua ya 5: Walezi

Tafuta angalau mmoja mwenye cheti cha elimu ya awali, kile kilichokuwa kikitolewa chini ya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Huyo ataongoza. Wengine wachague kwa tabia na lugha, kisha uwapeleke kusoma. Nikiwa na mtu mwenye cheti anayewapigia watoto kelele, na mama wa mtaani anayeongea Kisamia na Kiteso na ambaye watoto humkimbilia, namwajiri wa pili na kumlipia masomo polepole.

Mlezi mmoja asipewe zaidi ya watoto ishirini, na wa chini ya miaka mitatu wawe wachache zaidi ya hapo. Siku yake ya kwanza kila mlezi mpya asome na kutia sahihi kanuni za kituo. Kiboko hakuna, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na hilo umwambie mzazi pia, maana wapo watakaokuja na fimbo mkononi wakisema, "Mwalimu, huyu mchape tu." Namba ya bure ya Sauti, 116, ya kuripoti mtoto anayeteswa, iandikwe ukutani mahali ambapo wazazi wanasubiri.

Hatua ya 6: Lugha

Hapa ndipo kituo cha mahali mchanganyiko kinaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa penye watu asiowaelewa hafundishiki. Analia, au vibaya zaidi, ananyamaza. Nasari nyingi za mjini hujibu hilo kwa Kiingereza kwa wote, eti kisimpendelee mtu. Matokeo yake watoto wote wanakuwa wageni kwa usawa. Wanaimba alfabeti bila kukosea huku hawawezi kumwambia mwalimu kwamba sikio linauma.

Fanya hivi. Kabla ya kufungua, andika orodha fupi ya maneno ambayo mtoto hawezi kuishi siku bila kuyasema: maji, choo, njaa, inauma, mama, sitaki, nimechoka, naogopa. Waite akina mama wa kila lugha wakusomee, uyaandike kama yanavyosikika, na uyabandike ukutani usawa wa macho ya mlezi. Kwa maji pekee utakuwa na amazzi ya Kiganda, akipi ya Kiteso, biyo ya Kisomali, na mengine kadiri ya watoto ulio nao. Kila mlezi ayajue yote kwa kichwa kabla ya mtoto wa kwanza kuingia langoni. Kazi hii ni ya jioni chache, na inazuia machozi ya wiki nyingi.

Pili, chagua lugha moja ya uani, ile ambayo watoto tayari wanaitumia kuchezea. Busia ni Kiswahili. Salamu, michezo, amri za usalama na mlo viwe kwa lugha hiyo. Hadithi na nyimbo zizunguke: leo bibi Msamia, kesho kutwa mama Mteso, Ijumaa Mnubi. Bibi hahitaji cheti kusimulia habari za sungura. Mlipe nauli na uji.

Tatu, jiandae kwa mzazi atakayekataa Kiswahili. Wapo wazee, hasa wa Kiganda, ambao masikioni mwao hii bado ni lugha ya kambi ya jeshi. Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hakuisaidia kupendwa. Usibishane naye kuhusu historia. Mwambie kwamba tangu mabadiliko ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi, kwamba mtoto wake atasikia hadithi za Kiganda siku yake ikifika, na kwamba anakaribishwa kuja kusimulia. Akija mara moja, vita vimekwisha.

Wanaodai Kiingereza ni wengi zaidi, na woga wao una msingi: shule kadhaa za mjini huwapima watoto kwa Kiingereza kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Waahidi Kiingereza cha nyimbo, rangi na hesabu kila siku kwa muda mfupi, na utimize. Usiwaahidi kusoma na kuandika kwa mtoto wa miaka minne. Mfumo wa ujifunzaji uliotolewa mwaka 2005 na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, una maeneo matano: kuishi na wenzako vizuri, kuyachunguza mazingira, kujitunza, hesabu za maisha ya kila siku, na lugha. Kazi ya nyumbani haimo. Mzazi akikuuliza mtoto amejifunza nini, mwonyeshe akipanga vikombe vya uji kimoja kwa kila mwenzake. Hiyo ni hesabu.

Hatua ya 7: Fomu ya mtoto

Ukurasa mmoja tu, na uujaze wewe mkiongea, usimpe mzazi ajaze peke yake.

Kadi ya chanjo ni lazima. Sheria ya Chanjo ya 2017 inataka ionyeshwe mtoto anapoandikishwa. Asipokuwa nayo usimfukuze. Mpeleke mama kituo cha afya wiki hiyohiyo. Angalia kama amepata ya surua, na kwa wadogo ile ya malaria iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2025. Vitamini A na dawa za minyoo hutolewa Aprili na Oktoba. Panga na wahudumu wa afya waje kituoni.

Uliza ni chakula gani ambacho mtoto hali. Wengi hudhani swali hili ni la nguruwe na Waislamu, wakaishia hapo. Mganda ana mwiko wa ukoo: mtoto wa ukoo wa Butiko hali uyoga, wa Nsenene hali panzi wale ambao Novemba mji mzima unawakaanga. Mlezi asiyejua atamlazimisha "amalize sahani", na bibi wa mtoto atakuja juu.

Halafu andika nani anaruhusiwa kumchukua. Majina yasizidi matatu, kila moja na simu, na mlezi wa langoni awajue kwa sura. Mpakani mtoto huvushwa ng'ambo kwa dakika chache, tena na ndugu wa damu waliogombana na mama. "Mimi ni mjomba wake" haitoshi. Mwanabodaboda anayemleta aandikwe pia, na abebe watoto wawili, wasiwe watano waliobanana kwenye tangi kama mihogo kwenye gunia. Atalalamika kuhusu mafuta. Kamati ikutane naye.

Cheti cha kuzaliwa ombeni, lakini kisiwe sharti la kuingia. Wasaidieni wazazi wafuatilie NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, wakati mtoto anaendelea kucheza.

Hatua ya 8: Uji

Uji wa saa nne ndio utakaowaleta watoto siku ya mvua. Mahindi peke yake hayatoshi. Changanya na ulezi au mtama, na karanga au soya, maziwa yakipatikana. Karanga na mahindi nunua makavu kabisa na uondoe zilizoota ukungu, maana sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kuchemsha. Andika nani anadhurika na karanga. Watoto wadogo hawafungi Ramadhani, lakini muulize mama kwanza, usimwamulie.

Hatua ya 9: Pesa

Mama wa sokoni hana shilingi laki moja Februari. Ana elfu mbili leo jioni. Ukitoza kwa muhula utabaki na watoto wa wenye mishahara, na kituo kitakuwa cha tabaka moja hata kama makabila yamo yote.

Tuseme gharama zako kwa mwezi ni shilingi 1,200,000 (walezi, mpishi, pango, uji) na una watoto 40. Usigawanye kwa 40. Gawanya kwa 30, kwa kuwa kila wiki wapo wasiolipa. Inakuja 40,000 kwa mwezi, yaani 10,000 kwa wiki, 2,000 kwa siku. Pokea kwa simu au kwa daftari, kwa siku au kwa wiki, na stakabadhi kila mara. Amua mapema kama unapokea shilingi ya Kenya na kwa kiwango gani, ukiandike langoni kila Jumatatu. Vinginevyo mtagombana kila asubuhi. Kuni, mahindi na siku ya kufua mikeka vihesabiwe kama malipo, kwa bei iliyopangwa na kamati.

Anayedaiwa asisimamishwe mbele ya mtoto wake. Mweka hazina amfuate mezani kwake sokoni, jioni, kimya.

Wekeni akiba ya pango la muhula mmoja kabla ya kununua bembea. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na nasari hazikupokea watoto hadi Januari 2022. Zilizokuwa zikiishi kwa karo ya mwezi huohuo nyingi hazikufunguka tena.

Hatua ya 10: Kufungua

Shule za Kenya hufungua Januari, za Uganda kwa kawaida Februari. Katika pengo hilo mama anaamua mtoto aende upande gani. Andikisha Novemba, fungua milango Januari.

Usiwapokee wote siku moja. Chukua watano au sita, kaa nao siku chache, ongeza wengine. Mama abaki asubuhi ya kwanza, ya pili apunguze, na akiondoka aage. Kutoroka wakati mtoto amegeuka kunaleta kilio cha mwezi mzima. Gawa makundi kwa umri tu. Ukiona Wasomali wanakaa kona moja na Wasamia nyingine, hamisha mikeka, usihutubie.

Vitu vya kuchezea havitaki pesa: mchanga, maji, mpira wa majani ya migomba, magari ya waya, vitambaa vya fundi. Vizibo vya soda visiwafikie wa chini ya miaka mitatu, wanavimeza.

Mwisho wa mwaka wa mwisho wazazi watataka mahafali yenye majoho na kofia. Mimi sipendi, pesa hiyo ni daftari na viatu vya darasa la kwanza. Kamati ikishinikizwa, kodini majoho machache ya picha na msiwatoze wote. La kufanya bila kukosa ni karatasi moja kwa mwalimu wa darasa la kwanza: mtoto anaelewa lugha zipi, anaweza nini mwenyewe, anaogopa nini, nani humchukua. Anayevuka kwenda Kenya ataulizwa kama alipitia PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea ya huko, kwa hiyo mzazi wake ahakikishe mapema na shule anayoilenga. Na kabla ya likizo wapelekeni wote mkatembelee shule watakazoenda, waone darasa, waone bomba, na waingie choo cha wakubwa wakiwa na mlezi wanayemjua.